SAFU YA MWALIMU: Timu ya nane kwenye karatasi

  

Mwezi huu tunajibu swali tuliloulizwa na vijana wa darasa la saba. Walisema hivi: "Mwalimu, ile orodha ya timu bora inayobandikwa kabla ligi haijaanza, ina kazi gani kama hakuna mtu aliyecheza bado?" Tulitaka kucheka tupite. Halafu tukaona swali lenyewe linatuhusu sisi, maana orodha ya mwaka huu tuliiandika kwa mkono wetu.

ORODHA YETU

Wengi wenu mnajua habari hii, lakini tuieleze kwa faida ya wale ambao hawafiki uwanjani. Ligi yetu ya bloki ina timu nane. Wiki moja kabla ya kuanza, walimu watatu tulikaa chini ya mwembe wa shule, tukachana karatasi ya daftari, tukaandika kuanzia namba moja mpaka namba nane. Tulitumia kipimo gani? Matokeo ya mwaka uliopita, majina ya wachezaji tunaowajua, na tuseme ukweli, viatu. Timu yenye viatu ilipanda.

Ilikuwepo timu moja ya vijana waliofika karibuni, wale waliokuwa bado kwenye kituo cha mapokezi. Hatukuwa tumewaona wakicheza hata dakika moja. Basi tukawaweka wa nane. Si kwa ubaya, jamani. Namba nane ilikuwa imebaki, na wao walikuwa wamebaki.

Asubuhi karatasi ikawa kwenye ubao karibu na bomba la maji. Watu walicheka, walibishana, wengine waliapa kwamba bloki yao imeonewa. Ilikuwa raha. Tuliona tumeleta mchezo kabla ya mchezo.

Kumbe karatasi ile haikukaa pale ubaoni tu. Tulikuwa na seti nne za jezi, timu ni nane. Nani apewe? Zile nne za juu. Uwanja ni mmoja, kila mtu anataka kufanya mazoezi saa kumi jioni jua likipoa. Nani apewe saa kumi? Za juu. Timu ya nane ikapewa saa saba mchana, jua la utosini, na mpira ule wa zamani ulioshonwa kwa uzi wa gunia. Hakuna aliyesema "tuwaonee wageni". Kila tulipotakiwa kuamua jambo, tuliangalia karatasi, na karatasi ilijibu haraka kuliko sisi.

Halafu ikaja safari. Vijana wetu walialikwa kucheza mechi za kirafiki Jinja na Mbale wakati wa likizo ya mwezi wa tano. Gari lilikuwa na nafasi kumi na sita za wachezaji, na majina yalitakiwa mapema, kabla ligi haijaanza. Tuliyatoa wapi? Kwenye timu tatu za kwanza za karatasi yetu.

TULICHOKIONA JINJA

Safari yenyewe ilikuwa nzuri, tusije tukaonekana tunalalamika tu. Tulipita Kampala, tukaingia Jinja jioni, tukavuka mto Nile kwenye lile daraja jipya la nyaya lililofunguliwa mwaka 2018. Vijana wote walihamia upande mmoja wa gari hadi dereva akapiga kelele. Siku ya pili tulicheza mara mbili, tukashinda moja kwa 2-1, nyingine sare.

Jinja ndiko nyumbani kwa BUL, timu inayocheza ligi kuu ya Uganda. Vijana wa pale walitusimulia habari ya mwaka 2022 kana kwamba ilitokea juzi. Mwaka ule BUL waliingia fainali ya Kombe la Uganda dhidi ya Vipers. Vipers walikuwa mabingwa wa ligi msimu uleule, wana uwanja wao, wana fedha. BUL hawakuwa wamewahi kuchukua kombe kubwa hata moja. Ungeandika orodha kabla ya filimbi, ungeandika Vipers juu, na sisi tungefanya vilevile. Mechi ikaisha BUL 3, Vipers 1.

TULICHOKIONA MBALE

Kutoka Jinja tulipita Iganga, tukashika barabara ya Tirinyi, mashamba ya mpunga huku na huku, mpaka Mbale. Mji umekaa chini ya mlima wa Wanale, na mlima wenyewe umesimama nyuma ya mji kama ukuta. Tulikula malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyopikwa kwa karanga. Wengine wetu tuliomba tuongezewe, wengine tuliwapa majirani.

Uwanjani tulifungwa 3-0. Vijana wa Mbale wanakimbia kama hawana mapafu ya kuchoka. Golikipa wetu alijitahidi, lakini mipira ya juu ilimshinda. Hilo tutalirudia.

Baada ya mechi mzee mmoja muuza karanga alikaa na sisi. Alitukumbusha kwamba mwaka 1999 Mbale Heroes, timu ya mji ule, ilichukua Kombe la Uganda. Miaka ile vikombe vilizoea kukaa Kampala, kwa akina SC Villa, Express na KCC. Ukimwambia mtu mwanzoni mwa msimu kwamba kombe litakwenda Mbale, angekuuliza umekula nini.

Mzee hakuishia hapo. Akatuonyesha kwa kidole upande wa Kapchorwa, mlimani huko, akasema: "Na Kiprotich je?" Kweli, tulikuwa tumesahau. Stephen Kiprotich ametoka Kapchorwa. Tarehe 12 Agosti 2012, siku ya marathoni ya Olimpiki kule London, watu walikuwa wanataja Wakenya, hasa Wilson Kipsang na Abel Kirui aliyekuwa bingwa wa dunia. Kiprotich alikimbia nao, akawaacha karibu na mwisho, akamaliza kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Kirui akawa wa pili, Kipsang wa tatu. Uganda haikuwa imepata dhahabu ya Olimpiki tangu John Akii-Bua mwaka 1972. Miaka arobaini!

Basi kwenye gari la kurudi tulikuwa tumeshapata jibu la swali la darasa la saba. Tungeandika hapa kwamba orodha ya kabla ya msimu ni upepo. Cheza mpira wako, karatasi haifungi goli. Tungemaliza safu hapo, tungelala.

MAMA ALIYETUULIZA

Siku ya pili baada ya kurudi tulikwenda bombani kuchota maji. Kuna mama mmoja pale, mwanawe ni golikipa wa ile timu ya mapokezi. Wasomaji wa uwanjani mnamjua kijana huyu. Ligi ilipoisha timu yake haikuwa ya nane. Ilikuwa ya tatu, na yeye ndiye golikipa aliyefungwa magoli machache kuliko wote. Aliokoa penalti mbili. Mipira ya juu anaitoa hewani kama mtu anayechuma embe.

Tulijaribu kuliongeza jina lake kabla ya safari. Tulijibiwa kwamba muda wa majina umepita, na kwa kweli hata sisi hatukusukuma sana.

Mama akatusalimia vizuri, akauliza habari za safari, akauliza tumefungwa ngapi. Tukamwambia. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Walimu, mlimwandika wa mwisho kabla ya kumwona?"

Hatukuwa na jibu. Tulijaza ndoo tukaondoka. Njiani mmoja wetu akasema kwamba vijana wawili wa timu ile waliacha mpira wiki ya kwanza tu, walisema "sisi ni wa nane, tunakwenda kufanya nini saa saba mchana?" Hao nao hatukuwaona wakicheza, na sasa hatutawaona.

HABARI KUTOKA MAREKANI

Jumapili ile ile alitupigia simu ndugu yetu aliyekuwa mwalimu hapa kabla familia yake haijahamishiwa Marekani. Tulimweleza aibu yetu. Akacheka, akasema huku kwetu watu wanagombana juu ya jambo hilo kila mwaka.

Anasema kule vyuo vikuu vinacheza mpira wao wa Kimarekani, ule mpira wenye umbo la yai, na watu maelfu kwa maelfu wanajaa uwanjani kuangalia wanafunzi. Shirika la habari la Associated Press limekuwa likipigisha kura ya waandishi tangu mwaka 1936 kusema timu ipi ni ya kwanza, ipi ya pili, na tangu mwaka 1950 wanatoa orodha hata kabla msimu haujaanza.

Mara nyingi orodha ile inaaibika. Mwaka 2022 chuo cha TCU hakikuwemo kabisa katika timu 25 za mwanzo wa msimu, lakini kilifika fainali ya taifa (kule kikapigwa 65-7 na Georgia, lakini kilifika). Mwaka 2024 Florida State iliwekwa ya 10, ikashinda mechi 2 tu kati ya 12. Mpaka hapo unaweza kusema na vijana wetu: orodha ni upepo.

Lakini akatusimulia ya mwaka 2004. Kabla ya msimu waandishi waliweka USC ya kwanza, Oklahoma ya pili, na Auburn ya 17. Msimu ukachezwa. USC ikashinda mechi zote. Oklahoma ikashinda zote. Auburn nayo ikashinda zote. Siku zile fainali ilikuwa ya timu mbili tu, na timu hizo zilichaguliwa kwa kura za waandishi na makocha pamoja na hesabu za kompyuta. Nani walikwenda fainali? USC na Oklahoma, walewale wa kwanza na wa pili wa tangu mwanzo. USC ikaifunga Oklahoma 55-19. Auburn ikacheza mechi nyingine pembeni, ikashinda, ikamaliza mwaka na ushindi 13 bila kufungwa hata mara moja, na fainali haikuionja.

Wapo waliosema Auburn walicheza na timu nyepesi. Inawezekana. Lakini fikirini: aliyeanza foleni mbele, akishinda, anabaki pale pale. Aliyeanza wa 17, naye akishinda kila wiki, anangoja wa mbele waanguke ndipo apite. Wasipoanguka, atafanya nini? Hakuna kosa alilofanya isipokuwa kuandikwa nyuma.

Ndugu yetu akamaliza kwa kusema kwamba baadaye walibadilisha. Tangu msimu wa 2014 timu nne ziliingia kwenye mtoano, na tangu 2024 ni timu 12. Kuna kamati inayozichagua, na kamati hiyo haitoi orodha yake ya kwanza mpaka msimu umefika karibu na mwezi wa kumi na moja, baada ya kuziona timu zikicheza. Waandishi bado wanatoa ya kwao mapema, kwa raha ya mabishano. Lakini anayefungua mlango anangoja kwanza.

HATA KOMBE LA DUNIA

Wazee wa kwetu Kongo wataelewa haraka. Julai 2023 ilipangwa droo ya Afrika ya kufuzu Kombe la Dunia la 2026. Timu ziligawanywa katika vyungu kufuatana na orodha ya FIFA. Tisa za juu ziliwekwa chungu cha kwanza ili zisikutane zenyewe kwa zenyewe. Nigeria na Kameruni walikuwa humo. Kongo yetu ilikuwa chungu cha pili, ikaangukia kundi la Senegali, na Senegali ndiyo iliyoongoza kundi. Hiyo ndiyo kazi ya orodha: haikufungi goli, inakuchagulia njia, na njia moja ina mlima kuliko nyingine.

Halafu Novemba 2025, kwenye mechi za mtoano kule Moroko, Kongo ikaifunga Kameruni 1-0 kwa goli la Chancel Mbemba, na siku tatu baadaye ikaitoa Nigeria kwa penalti. Wote wawili wa chungu cha kwanza. Na mnakumbuka Juni 2019 kule Misri, Kombe la Afrika? Siku ile ilikuwa zamu yetu kulia: kwenye orodha Kongo ilikuwa juu ya Uganda kwa mbali, na Uganda ikatufunga 2-0, Patrick Kaddu na Emmanuel Okwi. Majirani zetu Waganda walitupikia chai ya pole.

JIBU LETU

Kwa hiyo darasa la saba, jibu ni hili. Pale ambapo mpira peke yake ndio unaoamua, orodha ya kabla ya msimu haina nguvu. Waulizeni BUL, waulizeni Mbale Heroes, muulizeni Kiprotich. Lakini pale ambapo binadamu ndiye anayeamua, nani apate jezi, nani apate saa kumi jioni, nani apande gari, orodha ina nguvu kubwa, na uzito wake unamwangukia yule asiyejulikana. Kiprotich mwenyewe, kabla ya kumshinda mtu, ilibidi kwanza awekwe kwenye mstari wa kuanzia pale London. Golikipa wetu hakufika kwenye mstari.

Tumekaa na viongozi wa bloki tukakubaliana mambo matatu kwa msimu ujao.

Moja, hatutabandika orodha yoyote mpaka kila timu iwe imecheza mechi nne, na sisi tuwe tumeziona zote.

Mbili, jezi na saa za uwanja zitakwenda kwa zamu. Saa saba mchana kila timu itaionja.

Tatu, majina ya safari yakitakiwa mapema, tutaacha nafasi nne wazi. Wakikataa nafasi wazi, tutabishana safari hii, hatutanyamaza.

Na wazazi, neno moja kwenu, kwa heshima. Sisi walimu tuna orodha nyingine ambayo haibandikwi bombani. Mtoto akifika kutoka safari, tunampa mtihani siku ya kwanza kwa Kiingereza ambacho hajawahi kukisikia, tunamweka dawati la nyuma, na mwaka mzima tunamsomea karatasi ile. Tumeanza kuirudia mitihani hiyo baada ya mwezi mmoja. Watoto kadhaa wameshasogea mbele. Nanyi nyumbani, mkiwa na kawaida ya kusema mbele ya wageni "huyu ndiye kichwa cha nyumba, yule basi tu", tunawaomba mngojee mechi nne.

Golikipa tulimfuata kwao. Tulimwomba msamaha yeye na mama yake. Yeye alisema "hakuna neno, Mwalimu", akauliza mpira mpya utakuja lini. Mama hakusema hakuna neno. Alitukaribisha uji, tukanywa, tukashukuru.

MASWALI YA KUZUNGUMZA JIONI

1. Je, kuna mtu katika bloki yako uliyempa namba kabla ya kumwona akifanya kazi?
2. Kama ungekuwa kocha wa Auburn mwaka 2004, ungewaambia nini wachezaji wako?
3. Watoto, tajeni jambo moja ambalo mnaliweza na walimu wenu hawalijui bado. Liandikeni, mtuletee.

Majibu ya namba tatu tutayasoma yote. Mpaka mwezi ujao, mbaki na amani, na msisahau kuchemsha maji.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.